Kanisa la Kijiji cha Vic: Ni Mali ya Nani?

Neno "kanisa" lina maana mbili, na kila mkatekisti amewahi kulieleza hivyo katika mafundisho ya ubatizo: kwanza ni watu, kisha ndiyo nyumba. Stefano naye, aliposimama mbele ya baraza, aliwakumbusha wazee ya kuwa Mungu hafungwi ndani ya kuta za wanadamu. Hayo twayajua. Walakini nyumba ipo. Ina kuta, ina paa, ina mlango na ufunguo, na palipo na ufunguo hapakosi kuzuka swali: mwenyewe ni nani? Je, ni wale walioijenga? Ni wale wasalio ndani yake leo? Ni yule atoaye fedha za kutengeneza paa? Ni serikali ya nchi? Wengi hujibu upesi, "Ni ya Mungu," nao wasema kweli. Lakini kwa jibu hilo hawajatuambia ni nani aliye na haki ya kubomoa ukuta, au kuupaka chokaa, au kuuuza.

Nataka kulipima swali hili kwa habari ya kanisa moja dogo la Ulaya. Sikulichagua kwa sababu ni kubwa au zuri kupita mengine, bali kwa sababu mengi yaliyolipata yanatufunza kuliuliza swali letu vizuri zaidi.

Karibu na katikati ya nchi ya Ufaransa iko sehemu ya mashamba na malisho iitwayo Berry. Katika njia itokayo mji wa La Châtre kwenda Châteauroux kipo kijiji cha Vic, ambacho siku hizi kimeunganishwa na jirani yake Nohant, navyo vyaitwa pamoja Nohant-Vic. Kanisa la Vic lina jina la Martin Mtakatifu. Kwa nje halina la kushangaza: nyumba ya mawe yenye kuta nene na madirisha machache, na nyuma ya madhabahu ukuta umezungushwa mfano wa nusu duara. Mpita njia asiyeambiwa neno atalipita.

Lilijengwa katika zamani zile ambazo wataalamu huziita za ujenzi wa Kiromaneski, yaani wenye kufanana na kazi ya Warumi wa kale. Jina hilo wajenzi wenyewe hawakulijua. Lilitungwa mwaka wa 1818 na Mfaransa mmoja mpenda mambo ya kale, Charles de Gerville. Walilolijua wajenzi ni tao la mviringo, ambalo mawe yake hubebana yenyewe kwa yenyewe. Tena walijua ya kuwa dari ya mawe ni nzito, nayo huzisukuma kuta kwenda nje. Kwa hiyo wakazifanya kuta kuwa nene, wakaogopa kuzitoboa kwa madirisha mapana. Ndiyo sababu makanisa ya namna hii yana giza. Baada ya mwaka wa 1000 yalijengwa kwa wingi mno katika nchi ile, hata mtawa mmoja wa Burgundy, Raoul Glaber, aliyeyaona kwa macho yake, akayalinganisha na vazi jeupe ambalo dunia imejivika. Mengi katika hayo yalikuwa makanisa ya vijijini, wala hakuna mwandishi aliyehesabu siku walizofanya kazi wanakijiji kuleta mawe na mchanga.

Kuta nene zilikuwa na faida moja: zilimpa mchoraji mahali pakubwa. Katika kanisa la Vic uko ukuta ukatao nyumba vipande viwili, upande huu washarika na upande ule madhabahu, na katikati yake umeachwa mlango. Katika karne ya 12 mtu mmoja, au watu pamoja na bwana wao wa kazi, waliujaza ukuta huo na kuta za upande wa madhabahu kwa picha. Msomaji aliyewahi kuchoma chokaa tanuuni ataelewa kazi yao. Chokaa mbichi ikiisha kupakwa ukutani, mchoraji hutia rangi kabla haijakauka, na chokaa ikikauka hugeuka kuwa kama jiwe, nayo rangi hushikwa ndani yake. Rangi zenyewe zilikuwa za udongo, nyekundu na manjano, nazo zikazidishiwa mambo mengine ukuta ulipokwisha kukauka. Hivi wakamchora Kristo katika utukufu wake. Wakachora mamajusi, na kuingia kwake Bwana Yerusalemu, na karamu ya mwisho, na Yuda akimbusu. Watu waliokuja kusali walikuwa wakulima, nao wengi hawakujua kusoma. Jina la mchoraji halikuandikwa mahali popote.

Katika picha hizo iko moja ambayo nawaomba muikumbuke, kwa maana tutairudia. Yahusu kifo cha Martin, ambaye kanisa lina jina lake. Sisi Walutheri tumo katika habari ya mtu huyu kuliko tudhanivyo: mtoto wa Hans Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, kesho yake akabatizwa, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya Martin, ndipo akaitwa Martin. Huyo Martin wa kwanza alikuwa askari, kisha mtawa karibu na Poitiers, kisha askofu wa Tours. Alikufa katika kijiji cha Candes mwaka wa 397. Mara watu wa miji miwili wakafika. Watu wa Poitiers wakasema, Huyu alikuwa mtawa wetu, sisi tuliwakopesheni tu. Ninyi mmekwisha kufaidi maneno yake na baraka zake, basi tupeni walau maiti. Watu wa Tours wakajibu ya kwamba, kwa hesabu yao, Martin alifufua wafu wawili alipokuwa Poitiers, na mmoja tu tangu alipofika kwao. Basi deni lililobaki yafaa alilipe akiwa amekufa! Jua likachwa wakibishana. Wakafunga milango, maiti ikiwa katikati, kila upande ukilinda. Usiku wa manane watu wa Poitiers wakashikwa na usingizi. Wa Tours wakampitisha marehemu dirishani, wakamtia chomboni, wakaenda zao mtoni wakiimba.

Aliyetuandikia habari hii ni Gregory, aliyekuwa askofu wa Tours karibu miaka 200 baadaye, kwa hiyo msomaji ataona mwenyewe kwa nini upande wa Tours ndio uliomshinda mwenzake kwa maneno. Lakini mchoraji wa Vic aliipenda, akaichora karibu na madhabahu. Nami nastaajabu kidogo. Katika mambo yote ya Martin, mtu wa rehema na sala, hakuiacha ile ya watu wawili wanaogombania kitu ambacho hakina bei, kila mmoja akiwa na hoja nzuri.

Miaka ikapita mingi. Picha zikachakaa, au watu wakazichoka, na wakati mmoja kuta zikapakwa chokaa, zikawa nyeupe tupu. Wanakijiji wakasali mbele ya ukuta mweupe, wakazaa, wakazikana, hata hakubaki mtu ajuaye ya kuwa nyuma ya weupe ule Bwana bado anaingia Yerusalemu. Mwaka wa 1849 padre wa Vic, jina lake Périgaud, akaona rangi chini ya chokaa, akaanza kuibandua.

Padre wa kijiji maskini angefanya nini na jambo kubwa kama hilo? Huko Nohant, karibu naye, alikaa bibi mmoja mtunga vitabu aliyejulikana katika Ulaya nzima kwa jina la George Sand. Bibi huyu hakuwa mshika ibada, tena alikuwa amewasema mapadre kwa maneno makali katika vitabu vyake. Hata hivyo alilishika jambo la padre jirani yake kama jambo lake mwenyewe. Habari ikafikishwa kwa Prosper Mérimée, ambaye tangu mwaka wa 1834 alikuwa mkaguzi mkuu wa majengo ya kale ya nchi. Huyu naye alijulikana kuwa mtu asiyeamini. Akafanya lililompasa, kanisa la Vic likaandikwa katika hesabu ya majengo yanayolindwa na serikali, na picha zikapona.

Hapo ndipo swali letu linapouma. Waliozifunika picha za Kristo walikuwa waumini. Waliosaidia kuziokoa, ukimwondoa padre, walikuwa watu wawili wasiokuja kusali. Tukisema kanisa ni la wale wasalio ndani yake, wala la mtu mwingine hata kidogo, basi tungewaambia Sand na Mérimée, "Tokeni, hii si kazi yenu." Picha zingebaki kwa padre mmoja na kisu chake. Tena tukisema kanisa ni la wale walijualo thamani yake, tumewapa wataalamu ufunguo, na mjane wa kijiji ajaye kusali atakuwa mgeni katika nyumba aliyobatizwa. Hapana hata moja katika majibu haya mawili ninaloweza kulikubali.

Tuwasikilize kwanza watu wa sheria, maana wao hupenda jibu lililo wazi. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1789, katika mapinduzi makuu, baraza la Ufaransa lilitangaza ya kuwa mali ya Kanisa ni mali ya taifa. Nyumba nyingi za watawa zikauzwa. Katika Burgundy lilikuwako kanisa la watawa wa Cluny, lililoanzwa mwaka wa 1088, lenye urefu wa karibu meta 187. Hata lilipojengwa kanisa la Petro kule Roma halikuwako jingine lililolipita kwa ukubwa katika nchi za Kikristo. Mwaka wa 1798 likanunuliwa na wafanya biashara, nao wakaligeuza kuwa machimbo, wakiuza mawe yake mwaka baada ya mwaka. Leo umebaki mkono mmoja wa jengo na vipande vichache. Lakini kanisa dogo la kijiji lilisimama. Kwa nini? Watawa wa Cluny walikuwa wametawanywa, na hapakuwa na mtu wa kulia mlangoni. Bali kijijini walikuwako watu waliotaka mahali pa kubatizia mtoto wa wiki hii na kumzikia mzee wa wiki ijayo. Yale makubwa yalikuwa na utukufu, haya madogo yalikuwa na kazi.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 9 Desemba 1905, iliyotenga serikali na madhehebu. Makanisa ya vijiji yakathibitishwa kuwa mali ya serikali za vijiji, na waumini wakaachiwa kuyatumia kwa ibada pasipo kulipa kodi. Sheria nyingine ya mwaka wa 1908 ikavipa vijiji ruhusa ya kutumia fedha zao kuyatengeneza. Angalieni neno hilo: ruhusa. Haikuwa amri. Kwa hiyo katika kijiji cha Ufaransa leo meya na wenzake wa halmashauri, ambao labda hawasali kabisa, ndio wenye kuta. Padre na washarika ndio wenye matumizi. Na paa likivuja, kila upande unaweza kumtazama mwenzake. (Ndugu zetu Walutheri wa Alsace hawamo katika sheria ile, kwa sababu mwaka wa 1905 nchi yao ilikuwa chini ya Wadachi, na iliporudi Ufaransa iliachiwa desturi zake za zamani hata leo.)

Wengine huicheka sheria hii kuwa ni ya kigeugeu. Mimi naona, labda bila kukusudia, imesema jambo la kweli: kwamba katika nyumba ya namna hii umiliki na matumizi vyaweza kukaa katika mikono miwili, wala hakuna mkono mmoja uwezao kusema, "Ni yangu, nitafanya nipendavyo."

Yaliyotokea mahali palipokuwa na mkono mmoja twayaona kusini kabisa mwa nchi, karibu na mji wa Ille-sur-Têt. Hapo lipo kanisa la Casenoves, la umri ule ule, nalo lilichorwa picha kama la Vic. Kijiji chake kilikufa, watu wakahama, kanisa likawa gofu katika shamba la watu. Mwaka wa 1954 wawili katika wenye shirika ya mali ile wakaziuza picha pasipo idhini ya wenzao wawili. Wakaja watu wenye ujuzi, wakazibandua ukutani, zikapelekwa nje, na vipande vikubwa vikafika Uswisi. Wale wenzao wakashtaki. Kesi ikaenda miaka na miaka, hata mwaka wa 1988 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikatoa hukumu ya ajabu: kwamba picha zilipokuwa ukutani zilikuwa mali isiyohamishika, kama ukuta wenyewe; lakini zilipokwisha kubanduliwa, zimekuwa mali inayohamishika, na kwa hiyo mahakama za Ufaransa hazina uwezo wa kuihukumu shauri ile. Baadaye vipande vilivyokuwa Geneva vilirudishwa Ille-sur-Têt, lakini havikurudi katika kuta zile.

Nimeitafakari hukumu hiyo mara nyingi. Kwa mwanasheria ni jambo la kawaida: mti uliokatwa si shamba tena, ni mbao. Lakini kwa maana nyingine mahakimu walisema neno zito kuliko walivyodhani. Kristo aliyechorwa juu ya madhabahu ya Casenoves alichorwa awatazame watu fulani, mahali fulani, wakija kwa njia fulani. Alipobanduliwa hakupoteza rangi; alipoteza wale aliokuwa akiwatazama. Na kwa kweli alikuwa amekwisha kuwapoteza kabla ya kisu kufika. Mwizi hafiki kwanza, hutangulia ukiwa.

Sasa najua liko neno ambalo wasomaji wengi wamekuwa wakitaka kuniambia tangu mwanzo, nalo si dogo. Watasema: Mbona twasumbukia rangi na mawe, na maskini wako mlangoni? Fedha itengenezayo picha moja ingelisha watu wangapi? Neno hili si geni. Siku zile zile ambazo kuta za namna hii zilikuwa zikichorwa, mtawa mkuu Bernard wa Clairvaux aliandika, karibu na mwaka wa 1125, akiwashutumu watawa wenzake kwa anasa ya makanisa yao, akiuliza kwa nini mawe yavikwe dhahabu na watoto wa Kanisa waende uchi. Na zamani kuliko yeye Ambrose, askofu wa Milano, alivivunja vyombo vya madhabahu, akaviyeyusha, akawakomboa watu waliotekwa vitani. Alipolaumiwa alijitetea ya kuwa ni heri kumtunzia Bwana roho kuliko kumtunzia dhahabu. Nani atamkosoa?

Mimi simkosoi. Kama picha za Vic zingeweza kumkomboa mtu mmoja katika utumwa, nami ningekuwa ninao uwezo, ningeshika kisu mwenyewe. Lakini yafaa tulitazame shtaka la Bernard mpaka mwisho wake. Alisema na watawa, watu waliojua kusoma na walioapa umaskini. Juu ya maaskofu alikiri ya kuwa hali yao ni nyingine, kwa sababu wao wana deni kwa wenye hekima na kwa wajinga pia, nao huwaamsha watu wa kawaida kwa vitu vinavyoonekana. Maana yake ni kwamba ukuta uliochorwa kijijini ulikuwa wenyewe ni sadaka kwa maskini. Mkulima wa Vic hakuwa na kitabu, wala hakuwa na picha nyumbani mwake, wala dhahabu. Hicho ndicho kitu kizuri kimoja katika maisha yake ambacho mwenye shamba hakuweza kumnyang'anya. Ukikiuza ili kumsaidia, umemsaidia kwa kumwibia.

Tena tumwangalie Martin mwenyewe. Watu wote wajua alivyomkuta maskini kwenye lango la Amiens wakati wa baridi kali, akalikata vazi lake kwa upanga, akampa nusu. Wengi hawakumbuki ya kuwa nusu ya pili alijivika mwenyewe, na watu waliokuwapo wakamcheka, kwa maana alionekana wa ajabu katika kipande cha nguo. Hakulitoa vazi lote akafa kwa baridi. Wala hakulihifadhi lote kwa sababu lilikuwa zuri. Sifanyi kanuni kutoka kwa nusu ile. Nasema tu kwamba mtu anayeutaka ukuta kwa ajili ya maskini na auulize moyo wake kama amekwisha kukata vazi lake mwenyewe, kwa maana ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa mali ya kanisa.

Na wale waliopaka chokaa je? Padre Périgaud alipofika, ilikuwa desturi kuwaita watu kama hao wajinga. Sikubali. Nani ajuaye paa lilikuwa limevuja namna gani, na picha zimekuwa na madoa namna gani? Walitaka nyumba ya Mungu iwe safi, wakafanya kama afanyavyo mwenye nyumba yeyote anayepokea wageni. Sisi hatuna haki ya kuwahukumu kwa kutokujua litakalopendwa na watu wa mbele. Tena hawakubomoa. Mwezi wa Machi mwaka wa 1522 Luther alitoka katika ngome ya Wartburg akarudi Wittenberg, kwa sababu watu walikuwa wakizivunja picha na sanamu kwa ghasia. Akahubiri siku nane mfululizo, akiwafundisha ya kuwa picha si wokovu wala si lazima, na aziabuduye akosa. Lakini kuvunja kwa nguvu hakumwondolei mtu sanamu iliyo moyoni. Neno lihubiriwe kwanza. Yule fundi wa Vic mwenye ndoo na brashi huenda hakujua lolote juu ya Luther, lakini kazi yake iliacha nafasi kwa mwingine. Chokaa ni kitu cha upole. Kile kilichozificha picha ndicho kilichozilinda na moshi wa mishumaa, na mikono ya watu, na mabadiliko ya mapenzi yao. Kama angetumia nyundo, padre asingekuwa na la kubandua.

Basi hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu, nanyi mpime. Naona ya kuwa washarika wa kizazi kimoja wana haki ya kuitumia nyumba, na kuitengeneza, hata kuifunika, kama ibada yao ikitaka hivyo. Kwa maana nyumba isiyotumika ni Casenoves. Hawana haki ya kufanya jambo ambalo watakaokuja hawataweza kulirudisha nyuma, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini, kama kwa Ambrose. Nyumba wanayo kama amana, na mwenye kuwekewa amana anaweza kulala ndani yake lakini hawezi kuiuza. Na anayekuja kutoka nje kusaidia kuitunza amana, ajapokuwa haamini, hanyang'anyi kitu. Mfalme Sulemani alipoletewa mtoto mmoja na mama wawili hakuuliza karatasi wala mashahidi. Aliagiza upanga, akangoja kuona ni nani ambaye yu tayari kumkosa mtoto ili asikatwe. Mérimée hakupata kitu katika kanisa la Vic. Hakuhamia huko, hakusali huko. Aliandika, akaagiza, akaenda zake, na ufunguo ukabaki kijijini.

Mtu aweza kunijibu kuwa amana bila mwenye kuidai ni neno tupu, kwa kuwa waliojenga wamekufa na wajao hawajazaliwa, wala wote wawili hawana mdomo wa kushtaki. Ni kweli. Jibu langu ni hafifu, lakini ni hili: hali hiyo hiyo ndiyo ya wafu na watoto katika kila jambo, nasi hatuoni ya kuwa twaweza kuvunja wosia wa baba kwa sababu baba haongei.

Picha ya Martin ingali pale Vic, karibu na madhabahu, nayo rangi zake zimefifia. Maiti yapitishwa dirishani. Wale wa Tours wameshika kazi, na wale wa Poitiers wamelala usingizi.